Ndimu Katika Kabati la Ukungu

Chujio la Hemedi lilirudi kazini siku tisa baada ya Hemedi mwenyewe kuzikwa.

Lililetwa na nesi wa zahanati, kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na fomu. Sheria inasema kila chujio ni mali ya Shirika la Zulali, liwe mwilini mwa mtu au mezani, na mwenye kulibeba akifa linarudi lilikotoka. Nesi akanipa kalamu nitie sahihi ya kupokea.

"Pole sana, Da Siwatu," akasema. "Ningekaa, lakini nina mengine mawili ya kufikisha ghalani."

Sikumuuliza hayo mawili yalikuwa ya nani. Nilikuwa nimechoka na misiba, na mtu aliyechoka na misiba hujifanya kiziwi. Nikaliweka chujio mezani upande wa Hemedi, kwa kuwa kiti chake kilikuwa hakijapata wa kukikalia, nikaenda kulisoma kabati kama nilivyolisoma asubuhi zote kwa miaka minne na nusu.

Kabati lenyewe si kitu cha kutisha. Ni jeupe, ukubwa wake ni wa friji la kulala, na kifuniko chake cha plastiki kinatoa jasho muda wote. Ndani mna ukungu wa chumvi usiokatika, joto la nyuzi thelathini na tano, na machujio mapya yamelazwa kwenye wavu ulioinama kidogo ili matone yateleze yasituame. Kila saa mbili asubuhi naingiza mkono, natoa silinda mbili za kupimia, natazama ukungu umejaza mililita ngapi tangu jana, napima chumvi, napima uchachu, naandika. Ukungu ukiwa mchache, pua ya kupulizia imeziba. Ukizidi, kompresa inayosukuma hewa imepandwa na wazimu. Muda ambao kifuniko kimefunguliwa hauhesabiwi. Ni kazi ya kungoja kutu isiyotakiwa kuja, na anayetaka kazi ya kuchangamsha damu atafute nyingine.

Namba yetu ilikuwa elfu tatu. Chujio likikaa saa elfu tatu kwenye ukungu bila kishimo, toleo zima linapata cheti, na bila cheti hakuna linalowekwa kooni mwa mtu. Kwa hesabu ya Zulali, saa mia za kabati ni mwaka mmoja wa mwili. Elfu tatu ni miaka thelathini. Mpimaji anatia sahihi, kisha mhandisi. Kabla Hemedi hajafa, wapimaji tulikuwa wawili.

Maji ya kabati lazima yawe safi kabla hayajatiwa chumvi, yale yanayoitwa maji ya betri. Yetu yalitoka kwenye mtambo wa jua ulioko juu ya paa, lita kumi na mbili kwa siku, wenye mita na kufuli. Yalikuwa ndiyo maji matamu pekee toka Chongoleani hadi Pangani, na sisi kazi yetu ilikuwa kuyaharibu kwa chumvi. Hemedi alikuwa akiyamimina huku akicheka mpaka machozi yanamtoka. Kabla ya chujio kulikuwa na mpango wa kuweka mitambo kama huo kila mtaa. Chujio lilipokuja mpango ukafungwa, kwa sababu nani anahangaika na mitambo wakati watu wanaweza kunywa bahari?

Nasi tukainywa. Bahari ilikuwa imeshaingia kwenye visima vyote, kimoja baada ya kingine, na mvua ilikuwa imegeuka mgeni. Chujio ni bomba la chuma lenye urefu wa kidole gumba. Linapandwa mwisho wa koo, juu kidogo ya mdomo wa tumbo, na nyama inalikumbatia mpaka haliwezi kutoka kwa mtu aliye hai. Unakunywa maji ya chumvi, lenyewe linaikamata chumvi, linaifunga punje ndogo ngumu, na punje zinapita zake chini bila kumdhuru mtu. Maji yanayofika tumboni ni matamu. Ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo ilivyokuwa.

Nilipomaliza kuandika nikalichukua lile la Hemedi. Kabatini, chuma kikishindwa huanza kwa madoa ya kahawia pembezoni. Hili halikuwa na doa. Lilikuwa linang'aa kama jipya, isipokuwa upande wa juu lilikuwa limejaa vitundu kama punje ya hindi iliyoliwa na dumuzi. Midomo ya vitundu ilikuwa midogo, lakini ndani vilikuwa vimejichimbia mapango. Kimoja kilikuwa kimetokea upande wa pili. Hapo ndipo bahari ilipopita ikamwingia rafiki yangu damuni, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka saa nne asubuhi, na saa kumi alasiri tukamfunika shuka.

Nilifungua droo yake nitafute lenzi. Lenzi ilikuwepo. Kulikuwa na kisu kidogo pia, na ndimu saba, mbili zimeanza kusinyaa.

Nilikaa kwenye kiti cha Hemedi bila kutaka.

Hemedi hakunywa glasi hata moja ya maji bila ndimu. Nani anakunywa? Mwaka wa kwanza wa chujio watu walikufa kwa kiu na ndoo imejaa mbele yao. Chujio linakamata chumvi ikishapita koo, lakini ulimi haulijui chujio. Unameza, unatapika, unameza, unatapika, mpaka nguvu zinakwisha. Akina mama wa Mwambani ndio waliogundua kwamba ukikamulia nusu ndimu kwenye glasi, maji yanashuka na kukaa. Wiki mbili hazikupita pwani nzima ikawa inakamua. Asiye na ndimu aliweka ukwaju, asiye na ukwaju alitafuna embe bichi kabla ya kunywa.

Wahandisi wa Zulali hawakuwa watu wa huku. Walikuja na makaratasi yao: chumvi safi, maji safi, uchachu saba, katikati kabisa, si mchachu si mchungu. Walipima walichokijua, siwezi kuwalaumu kwa hilo. Mimi ndiye mtu wa huku. Kwa miaka minne na nusu nilikaa mbele ya lile kabati, mkono wa kushoto unakamua ndimu kwenye glasi yangu, mkono wa kulia unaandika "uchachu saba kamili", na haikunijia hata siku moja kwamba mikono hiyo miwili ilikuwa ya mtu mmoja.

*

Nyuma ya mlango kulikuwa na kabati dogo la zamani tulilokuwa tukianikia taulo. Nikalisafisha, nikalifungia kompresa, nikachukua machujio matatu kutoka toleo jipya lililokuwa likisubiri cheti. Maji niliyapunja kwenye fungu la kabati kubwa. Nikatia chumvi kwa kipimo, kisha nikakamua ndimu za Hemedi mpaka mizani ya uchachu, ambayo namba yake hushuka uchachu ukizidi, ikasoma tatu na ushee, kama inavyosoma kwenye glasi yangu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba ni jaribio dogo tu la kujituliza roho.

Toleo lile lilikuwa la watoto.

Mtoto wa chini ya miaka saba hawekewi chujio, koo lake halijakomaa. Akiachishwa ziwa anapandishwa Usambara, kwenye mabweni yaliyojengwa kuzunguka chemchemi chache zilizobaki, na anakaa huko mpaka atimize saba. Kisha anashushwa, anawekewa, anarudi kwa wazazi wake. Kitanda chake kinachukuliwa na mtoto mchanga mwingine. Mwaka ule walikuwa wakishuka mia nne na kumi na wawili, na wa mia mbili na sita kwenye orodha alikuwa Nuriati, mwanangu. Aliondoka mikononi mwangu ana miaka miwili na miezi mitano. Baba yake alikufa mwaka wa kutapika. Sina mwingine.

Tulikuwa tukipewa dakika kumi kila Jumamosi asubuhi, sauti na picha.

"Mama Siwatu, shikamoo," akasema Jumamosi ile. Ndivyo alivyoniita. "Mama" bila jina alikuwa mlezi wao wa bwenini.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Nimeshafunga mzigo wangu." Akauinua nione. Ulikuwa mfuko mmoja, na siku za kushuka zilikuwa bado thelathini na mbili. "Eti bahari ina ladha gani?"

"Ina chumvi."

"Kama mchuzi?"

"Kama mchuzi uliozidi."

Akafikiri, kakunja uso. "Sasa mnakunywaje?"

Nilikuwa na jibu, kila mtu wa pwani analo. Nikamwambia, "Utazoea tu."

"Mama anasema nisilie nikifika. Anasema wewe utalia ndiyo inatosha."

Nilicheka, na kweli nililia, na dakika zikakatika tukiwa hivyo.

*

Saa tisini na sita, hakuna kitu. Saa mia mbili na arobaini, hakuna kitu. Nilianza kuomba niwe mjinga, niwe nimemtafutia Hemedi kifo cha kitaalamu wakati mtu alikufa tu kama watu wanavyokufa. Kila asubuhi nililisoma kabati kubwa kwanza, kwa heshima zote, ndipo nikaenda nyuma ya mlango. Nililiosha kila moja kwa maji ya vuguvugu, nikalikausha, nikalipitia na lenzi, nikalirudisha kwenye mwinamo wake. Chumba kizima kilikuwa kinanuka kachumbari. Nilifungua madirisha.

Saa ya mia tatu na kumi na mbili niliona nukta ya kwanza. Siku ile ile nikalitoa moja katika yale matatu, nikaliweka kwenye kabati kubwa, kwenye ukungu wa chumvi tupu usio na ndimu. Nilitaka kujua kama mtu akiacha, chuma kinapona. Yaliyobaki mawili nikayaacha yaendelee.

Hakiponi. Kishimo kikishaanza, humo ndani kinajitengenezea uchachu wake chenyewe, mbali na maji yanayopita juu, na kinaendelea kula. Lile nililoliachisha ndimu lilichelewa siku nne tu nyuma ya wenzake.

Asubuhi ya siku ya ishirini na tano, saa ya mia tano themanini na nane, nililielekeza chujio la kwanza dirishani nikaona mwanga umepenya. Ni nukta moja, ndogo kuliko chembe ya mchanga. Nikafanya hesabu ya Zulali. Miaka mitano na miezi kumi na ushee. Nikaenda kwenye faili la Hemedi nikatazama tarehe aliyowekewa. Miaka mitano na miezi kumi.

Kisha nikafanya hesabu yangu. Mimi nilikuwa na miaka minne na miezi saba, na glasi nane kwa siku, zote na ndimu. Ilikuwa imebaki kama mwaka mmoja na miezi mitatu. Niliogopa, sitasema uongo. Niliweka mkono kifuani hapo chuma kilipo nikakaa vile muda mrefu, kama mtu aliyepaliwa. Niliyaogopa yale maneno yasiyoeleweka ya Hemedi kuliko kaburi lenyewe.

*

Mhandisi Semkiwa hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo kwa sababu wapo wanaotaka awe mbaya, iwe rahisi. Alivipanga vile vyuma vinne mezani kwake, vitatu vyangu na kimoja cha Hemedi, akavitazama kwa lenzi kimoja kimoja, wala hakunikemea kwa kuiba maji.

"Kwenye kabati kubwa, kwa maji ya kipimo, toleo hili limefika saa ngapi?" akauliza.

"Elfu tatu na ishirini."

"Kuna kishimo?"

"Hakuna."

"Basi cheti kitasema kweli, Bi Siwatu."

"Kitasema kweli juu ya maji ambayo hakuna anayeyanywa."

 Mezani kwake kulikuwa na chupa yake ya chai, na mimi na yeye tulijua haina chai. Ilikuwa na maji na ukwaju, kama siku zote. Akaisogeza nyuma ya faili, kama mtoto anayeficha alichokivunja.

"Nitatoa tangazo," akasema. "Marufuku ndimu, ukwaju, siki, na vyote vyenye uchachu, kwa watoto wapya."

"Watakunywaje, mhandisi? Ulikuwepo ule mwaka. Ulizika wangapi?"

"Wawili," akasema. "Mke na shemeji." Akavua miwani akaifuta. "Haya, tusitie sahihi. Tuandike yote haya, yaende makao makuu. Watayasoma, wataunda kamati, wataagiza chuma kingine. Miaka miwili, ukiwa na bahati. Je, unajua kuna wachanga wangapi wameachishwa ziwa mwezi huu, wanasubiri vitanda?"

Sikujua.

"Mia tatu na tisini. Hao mia nne wasiposhuka, hao mia tatu na tisini hawapandi. Chemchemi haziongezeki. Mchanga asiyenyonya na asiye na chujio, hapa pwani, anakaa siku ngapi?"

Hilo nilijua.

"Kwa hiyo ni hivi," akaendelea, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu. "Ama tunaua hawa wachanga sasa hivi, ama tunawapa wale wa Usambara miaka sita, na huenda ndani ya miaka sita akatokea mwenye akili kutuzidi. Mimi sioni mlango wa tatu. Ukiuona niambie, wallahi nitakuwa wa kwanza kuupita."

"Mtambo wa jua," nikasema. "Kila mtaa."

"Nani atautengeneza? Kiwanda kiligeuzwa kuwa cha machujio." Akausukuma mkoba wa cheti kwangu. "Sikulazimishi. Ukikataa nitapeleka barua yako kama ilivyo, na magari hayatashuka. Nakuachia mpaka saa saba mchana."

Akatoka, akaniacha na kalamu.

Ningependa kusema niliwafikiria wale wachanga. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu baadaye, na ni sababu nzuri, inasimama yenyewe. Lakini kwa saa tatu nilizokaa pale sikumfikiria mchanga hata mmoja. Nilifikiria mwaka na miezi mitatu. Nilifikiria kwamba magari yasiposhuka mwaka huu, hayatanikuta, na Nuriati atakua akijua mtu mmoja kwenye kioo aliyeitwa Mama Siwatu, dakika kumi kila Jumamosi, mpaka Jumamosi moja kioo kisiwake. Nilimtaka mwanangu. Nilitaka kumwogesha, nimsuke, nimkemee kwa kuacha viatu mlangoni. Nilijua ninamleta kwenye kitu gani, nilikijua kwa saa na kwa mililita, hakuna mama aliyewahi kujua vizuri kuliko mimi. Nikatia sahihi saa sita na robo.

Barua nayo niliiandika, na vile vyuma vinne nikavifunga humo humo. Semkiwa aliituma wiki moja baada ya magari kushuka, kama tulivyokubaliana. Mpaka leo haijajibiwa.

*

Walishuka siku ya Jumatano, magari saba, mchana wa jua kali. Mia nne na kumi na wawili walikuwa wakiimba mpaka walipoiona bahari, wakanyamaza wote kwa pamoja. Nuriati alikuwa mrefu kuliko kwenye kioo. Alinipa mkono, akasema shikamoo, akageuka nyuma kutazama kama mlezi wake amekuja na gari lile au lile jingine.

Alhamisi wakamwekea chujio. Jumamosi nikaruhusiwa kwenda naye nyumbani, na katazo la Semkiwa likiwa limebandikwa ukutani zahanati, watu wanalisoma na kuguna na kupita. Ndimu nilikuwa nimezitoa nyumbani zote, pamoja na ukwaju na chupa ya siki. Nilitoa hata achari.

Glasi ya kwanza aliitapika yote. Ya pili aliikazania mpaka katikati, macho yamemtoka, kisha ikarudi kupitia puani. Alinitazama bila kulia, kwa mshangao, kama mtu aliyepigwa na asiyemjua. Jumapili nilimletea chupa ya maji ya betri niliyoificha ndani ya kanga, akainywa yote, akalala usingizi wa mtu aliyeshiba. Jumatatu mita ilikuwa imeshasema. Mlinzi alinipekua mlangoni, na kwenye mtambo kulikuwa na kufuli jipya. Semkiwa alipita bila kunisalimia. Nadhani aliona aibu. Mimi nilikuwa nimeshapita aibu.

Jumanne midomo yake ilikuwa imepasuka. Mkojo ulikuwa haba na mweusi. Nilijaribu kijiko kimoja kimoja. Nilijaribu sukari, akatapika na sukari. Nilijaribu kumbana pua. Saa tisa alasiri hakuwa na machozi tena, alikuwa analia kwa sauti tupu, na anamwita mama, na aliyekuwa akimwita siye mimi.

Jirani yangu Bi Mwanakombo alisimama nje ya ua wa makuti.

"Da Siwatu! Mtoto huyo ana nini siku ya nne hii?"

"Maji hayashuki."

"Si umkamulie ndimu! Unamtesa kwa nini?"

"Ndimu inatoboa chujio, Bi Mwanakombo. Imeandikwa pale zahanati. Mimi ndiye niliyepima."

"Inatoboa lini?"

"Baada ya miaka sita."

 Akacheka, si kwa ubaya, ni kicheko cha mtu asiyeamini anachoulizwa.

"Miaka sita! Mwenzangu, huyu hana siku mbili."

Ndimu mbili zikapita juu ya makuti, zikaangukia mchangani karibu na miguu yangu. Zilikuwa changa, zina maji.

Nilizitazama. Nilikuwa nimezifanyia hesabu zote zinazowezekana. Saa mia tano themanini na nane. Miaka kumi na mitatu, hapo ndipo angefikia, labda aanze kumi na nne, na mimi nikiwa nimeshatangulia zamani, na asiwepo wa kumwambia kwamba siku akisikia ulimi unakuwa mzito akae chini. Kama nilivyosema, hakuna aliyejua vizuri kuliko mimi. Nikaingia ndani nikachukua kisu.

Nilimwinua nikamwegemeza kifuani pangu. Nikaikata ya kwanza, nikakamua nusu kwenye glasi, nikakoroga kwa kidole kwa sababu kijiko kiliniponyoka. Alifumba macho akitarajia kutapika. Akameza, akasubiri. Akameza tena. Kisha akaishika glasi mwenyewe kwa mikono miwili, akanywa bila kuvuta pumzi mpaka chini, na nikasikia maji yakishuka kooni mwake, yakipita pale chuma kilipo.

Akajifuta mdomo, akanitazama, rangi imeanza kumrudi usoni.

"Sasa ni tamu," akasema. "Mbona ulikuwa unaninyima?"

 Alininyooshea glasi nimwongeze, nami nikaikamua nusu ya pili.